504 nyekundu iliyozaliwa nyeupe

Hatimaye nimelipia Peugeot 504 niliyokuwa naimezea mate tangu mwaka jana. Kwa nje ni nyekundu inayong'aa, lakini ukifungua boneti au ukiinua zulia la buti unakutana na nyeupe yake ya kiwandani. Kwenye bawaba za milango rangi hizo mbili zimepandana, na nyekundu imeshaanza kubanduka.

Muuzaji aliamini rangi mpya imepandisha bei. Kwangu iliishusha, nami nikamwambia kwa heshima: Mzee, rangi ya juu juu inanifanya niulize imefunika nini. Magari haya hushikwa na kutu chini ya milango, na filla (uji mzito wa kuziba mashimo ya bati, usioshika sumaku) ikipakwa hapo huioni mpaka upitishe sumaku. Nilipita nayo, ikakataa kushika sehemu mbili. Logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, nayo bado inasema nyeupe, na hapa Kenya ukibadilisha rangi ni lazima uiandikishe NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani. Tukashuka bei, tukaelewana.

Sisemi kila gari la zamani libaki na rangi ya kuzaliwa. Ukiipaka kikamilifu, hadi ndani ya milango na chumba cha injini, wapo watakaoipenda. Lakini 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na wanaoitafuta leo wanaitaka jinsi ilivyotoka kiwandani.

Mwezi ujao inaingia gereji: injini itolewe, rangi ikwanguliwe hadi bati, kisha praima (rangi ya msingi) na nyeupe ileile. Picha nitawawekea.