Tak moja, halafu kimya

Mzee alilizima gari mlangoni pa gereji makusudi, likiwa bado moto, ili nijionee mwenyewe. Datsun 240Z ya 1972, rangi ya machungwa iliyopaushwa na jua la Mombasa. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak. Taa za mbele alikuwa ameziacha zikiwaka, na hazikufifia hata kidogo.

"Asubuhi inawaka mara moja," akasema. "Ikishatembea nusu saa ukaizima, ndiyo hiyo. Mpaka isukumwe."

Mwaka huo alikuwa ameshanunua betri mbili. Stata nayo, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ilikuwa imeshafunguliwa mahali pengine, ikatiwa brashi na bushi mpya. Kuliuza hakutaka hata kusikia. Mwaka 1973 alisimama kando ya barabara Shekhar Mehta na Lofty Drews walipokuwa wakiupigania ushindi wa Safari Rally kwa gari la aina hiyo, na miaka miwili kabla yake Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa 240Z vilevile. Maadamu lile la Mehta lilimaliza porini, alisema, lake halina sababu ya kushindwa Nyali.

Zile taa zilikuwa zimeshanipa nusu ya jibu. Betri ikiwa mbovu, au stata ikiwa imekwama, ukigeuza ufunguo taa huzama, maana stata inavuta umeme mwingi. Zikibaki vilevile, stata haijapata kitu. Kinacholia "tak" ni solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inayojaribu kusukuma pistoni yake na kuishia njiani.

Nikaweka mita kwenye betri: volti 12.6. Kijana wangu akashika ufunguo kwenye stati, pale pa kuwashia injini, ikashuka hadi 12.4 tu. Betri ilikuwa nzima. Nikahamia kwenye waya mweusi wenye mstari wa manjano, ule unaoileta amri ya ufunguo kwenye solenoidi. Waya ukiwa umechomolewa, mita ilisoma 12.3. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea, wakasema umeme unafika. Mita haivuti kitu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakupa volti zote usipobebeshwa mzigo. Nikaurudisha waya mahali pake, nikapima ufunguo ukiwa umeshikwa: 7.8.

Nikatia gia nyutro, nikavuta breki ya mkono, nikaunganisha kwa kipande cha waya mnene kutoka boliti kubwa ya stata hadi kwenye tundu la solenoidi. Injini ikazunguka kwa nguvu. Ilipokuwa ikizunguka nilipima pia athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye bloku yenyewe, maana hapa pwani chumvi hula athi kwanza na lawama hubebeshwa vitu vingine. Ilikuwa 0.3. Mpaka 0.5 naiachia.

Basi volti 4.6 zilikuwa zinapotea kati ya betri na solenoidi, na njia yenyewe katika gari hilo ni ndefu. Umeme wa ufunguo hauendi moja kwa moja. Unapanda hadi dashibodi, unapita ndani ya ampemita, saa ya kupimia ampea, unaingia swichi ya ufunguo, kisha unarudi tena chini kwenye stata. Kila kiungo hapo kina zaidi ya miaka thelathini. Nikaacha ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine nikaitembeza, kijana akishika ufunguo kila nikimwambia. Baada ya ampemita, 0.9 zilikuwa zimepotea. Kwenye mlango wa swichi, 1.3. Kwenye kutokea swichi, 3.9. Kwenye solenoidi, 4.6. Swichi peke yake ilikuwa inakula 2.6.

Mzee akauliza mbona asubuhi inawaka. Swali zuri. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda. Kutoka nyuzi 30 hadi 90 huongezeka kwa karibu robo. Koili ya solenoidi imekaa kwenye joto la injini, kwa hiyo kwa volti zilezile inavuta ampea chache kuliko asubuhi, na pistoni inakosa nguvu. Solenoidi ikipata volti 11, tofauti hiyo haionekani. Ikipata 7.8, ndiyo inayoamua.

Swichi ya umeme imefungwa nyuma ya kufuli la usukani. Nilipoifungua, grisi ya ndani ilikuwa imekauka kama gundi ya ugali uliokaukia sufuria, na vidoti vya shaba vya upande wa stati vilikuwa vyeusi, vyenye mashimo. Nikavisugua kwa msasa namba 600, nikafuta, nikapaka grisi kidogo mno. Hasara ya swichi ikashuka hadi 0.4. Wengine wangefunga na kuondoka. Lakini solenoidi za kizamani huvuta ampea nyingi zinapoanza kushika, na mashimo yale yangerudi baada ya miezi michache, kwa hiyo nikaweka rilei ya ampea 40, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Tundu lake namba 30 likapata waya wa milimita 4 za mraba kutoka boliti kubwa ya stata kupitia fyuzi ya 30, 87 ikaenda kwenye solenoidi, 85 athi, 86 ikapokea ule waya mweusi wa mstari wa manjano. Sasa swichi ilikuwa inabeba ampea 0.15 hivi, za kuamsha rilei tu.

Mzee akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikashika, ikanguruma. Akaachia ufunguo, ikafa. Mara tatu vilevile: inawaka kwenye stati, ufunguo ukirudi inazima.

Vijana wakaigeukia rilei yangu. Mimi nilijua ni nini, na nilijua pia nani kafanya. Karibu na koili ya cheche, inayopandisha volti za plagi, kuna balasti, waya wa ukinzani uliolazwa ndani ya kauri nyeupe. Wakati wa stati umeme huiruka, ukaenda koili moja kwa moja. Ufunguo ukirudi, ni lazima upitie humo. Nilipokuwa navuta waya wa rilei, spana yangu ilikuwa imegonga kitu kikalia kama kikombe, nami nikapuuza.

Hata hivyo nilipima kwanza, kwa sababu katika 240Z za miaka ile umeme wa koili hupita pia ndani ya takometa, saa ya mizunguko ya injini, kabla ya kufika kwenye balasti, na takometa ikikatika dalili ni ileile. Nikahakikisha pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa koili, zimekutana, nikafungua ufunguo bila stati. Kwenye mlango wa balasti: 12.3. Upande wa kutokea: sifuri. Ingekuwa takometa, pande zote mbili zingekuwa sifuri. Nikaichomoa, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na waya wa ndani umekatika.

"Si tuunganishe tu moja kwa moja?" kijana akasema. Gari lingewaka, na Mzee angefika nyumbani. Lakini koili ile ina omu 1.5 hivi, na balasti 1.6. Zikiwa pamoja, kwa volti 14 za oltaneta, pointi hubeba ampea 4 na nusu. Ukiitoa balasti, zinabeba zaidi ya 9. Pointi zingeungua haraka, koili nayo ingechemka.

Balasti nyingine tukaipata kwenye mabaki ya pikapu ya Datsun. Mita ilisoma 1.8, nikagusanisha ncha zake, zenyewe zikasoma 0.2, basi balasti ilikuwa 1.6. Nikaifunga. Mzee akazunguka hadi Nyali na kurudi, akazima, akangoja dakika kumi ili joto la injini lipande lote juu ya stata, akageuza. Ikawaka.

Akatoa pochi, akahesabu, kisha akarudisha noti moja mfukoni.

"Hiyo ya kauri," akasema. "Nilisikia ilipogongwa."