Ramadhani Aliyofariki Rafi

Ijumaa ile, tarehe 1 Agosti 1980, Ami alianza kufunga milango ya duka lake na adhana bado iko mbali. Baba alikuwa ameinamia cherehani barazani pa duka hilohilo, anakimbizana na kanzu za Idd, nami nimekaa chini karibu na miguu yake nakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo. Ami akaja akasimama mbele yake. Hakusema neno kwanza. Aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani, likasimama.

"Fundi," akasema, "Rafi Sahib amefariki. Jana usiku, Bombay. Nimesikia redioni."

Baba alibaki na mguu juu ya kanyagio. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," polepole, neno moja moja, vile anavyosema mtu aliyeletewa habari ya ndugu yake wa tumbo moja. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha bafta, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwa na miaka 11 na sijapata kumwona akilia hata siku moja. Sikujua nitazame wapi. Nikaendelea kukata nyuzi mahali ambapo hapakuwa na uzi.

Kwetu Kibokoni, Mombasa, hapakuwa na haja ya kueleza kwamba Rafi ni Mohammed Rafi, mwimbaji wa nyimbo za picha za Kihindi. Baba mchana alikuwa fundi wa nguo, na usiku wa harusi alikuwa mpiga kinanda, kile cha Kihindi cha kukaa nacho chini, mkono mmoja unasukuma mvukuto kwa nyuma na mwingine unacheza juu ya vibao. Mombasa ya wakati ule ilikuwa Mombasa ya Juma Bhalo, maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi, na kila kikundi kidogo cha taarab kilikuwa kikisaka mahadhi ya kwake. Yalisakwa sinema, Naaz au Regal. Picha moja Baba aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza ni ya kisa, alikuwa akisema, ulie kama ni ya kulia, umalize. Mara ya pili ni ya mahadhi. Mara ya tatu alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, na tiketi amelipa.

Yeye ndiye aliyenijulisha kwamba yule steringi mwenye nywele za mawimbi haimbi. "Huyo afungua mdomo tu," akaninong'oneza gizani. "Sauti ni ya Rafi." Niliudhika, nikaona nimedanganywa. Lakini Baba akanifundisha kusikiliza. Rafi akimwimbia Dilip Kumar, sauti inatua, inakuwa na majonzi. Akimwimbia Shammi Kapoor, inarukaruka kama kijana anayeteremka ngazi mbio. Akimwimbia Johnny Walker, yule wa vichekesho, unaisikia sauti yenyewe ikitabasamu. Koo ni lile lile moja. Kwa Baba hilo lilikuwa kubwa kuliko hata utamu wa sauti: mtu akubali kukaa nyuma ya mwenziwe, asionekane, na ampe kila alichonacho. Nami mpaka leo naona hivyo.

Alikuwa na daftari. Kihindi hakukijua, alikisikia tu, na alichokisikia alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kuandika Kiswahili. Kurasa nzima za maneno asiyoyaelewa, na katikati yake, kwa wino mwekundu, yale ambayo hakuhitaji kuambiwa na mtu: duniya, waqt, safar, khabar, zamana, qismat. Dunia, wakati, safari, habari, zamani, kismati. Alikuwa akinionyesha kwa kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayekuonyesha jamaa zake kwenye picha ya harusi ya watu wengine.

Yaliyobaki aliyapeleka kwa Ami. Ami alikuwa Mbohora, Muislamu mwenye asili ya Kihindi, mwenye duka la vitambaa, na lile baraza la cherehani hakumtoza Baba kodi hata senti. Nyumbani kwao walisema Kigujarati, na nadhani nusu ya Kihindi chake alikipata Naaz kama sisi tulivyokipata, ila alitutangulia mbali. Aliacha kupima kitambaa, wari ingali mkononi, akafasiri mstari mmoja, akarudi kwa mteja. Nakumbuka siku walipofikia wimbo wa Chaudhvin Ka Chand, ile picha ya mwaka 1960, pale Guru Dutt anapomtazama Waheeda Rehman amelala. Ami akasema: anamuuliza, wewe ni mwezi wa kumi na nne, au ni jua?

Baba akapiga paja. "Mwezi wa kumi na nne! Bhai, hayo si maneno yetu?" Kwa sababu washairi wa pwani wamekuwa wakimwita mwanamke mzuri hivyo hivyo tangu mababu. Siku hiyo nzima Baba alishona akicheka peke yake.

Lakini wimbo wake yeye mwenyewe ulikuwa mkongwe zaidi. Suhani raat dhal chuki, kutoka picha ya Dulari ya mwaka 1949, mahadhi ya Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, na Rafi bado kijana. Usiku mzuri umeinama, anasema, na sijui wewe utakuja lini. Nyimbo nyingine zote Baba alizivisha Kiswahili. Huu hakuuvisha. "Huu umeshavaa," alisema. Hakuupiga mbele ya bibi harusi wala mbele ya watu wa kutunza. Aliupiga harusi ikishakwisha, mikeka inakunjwa, wapishi wanaosha masufuria, wenzake wanafunga vyombo. Mara mbili tatu nilichukuliwa kwenye harusi hizo nikalala kwenye mapaja ya Mama, na wimbo huo ndio ulioniamsha kwenda nyumbani. Leo ninao kwenye simu, umesafishwa, mikwaruzo ya santuri imeondolewa yote, na kila nikiusikiliza naukuta uko mweupe mno, kama nguo iliyofuliwa ikatolewa hata harufu ya mwenyewe.

Sasa, ile ilikuwa Ramadhani, tumo katika kumi la pili. Kwetu kinanda kilikuwa hakiguswi tangu siku ya kuvunja jungu mpaka Idd. Mama alikifunga kwa leso yake, fundo mbili, akakipandisha juu ya kabati, na redio ikabaki ya Qur'ani na habari. Katika hilo alikuwa mkali, na Baba hakuwahi kubishana naye. Kwa hiyo Rafi amekufa, na katika nyumba ile iliyomjua kuliko majirani zake hapawezi kusikika sauti yake.

Baba na Ami walihesabu saa kwa vidole pale barazani. Bombay ilikuwa imeshapita saa 4 usiku. Kwetu basi ni kama saa 2. "Nilikuwa nimesimama safuni," Baba akasema. "Tulikuwa twasali." Alilirudia neno hilo mchana kutwa, na sikuweza kujua kama linamfariji au linamuumiza. Cherehani haikuzunguka tena siku ile. Kanzu moja ililala Ijumaa ile nzima na sindano ndani ya kola.

Usiku, baada ya tarawehe, watu walianza kuja barazani petu bila ya kuitwa. Alikuja mpiga tabla, akaja mpiga fidla, wakaja vijana wawili wa kuitikia, akaja na Ami. Kalenda ya Mabohora hutangulia yetu, na kila mwaka Baba alimtania kwamba amekula Idd na sisi bado tuna njaa. Usiku ule hakumtania. Wakamsomea Rafi Yasini, wakamsomea Fatiha. Miaka 55, mmoja akasema, na mwingine akasema, si mingi. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba Ijumaa hiyohiyo alizikwa Juhu, mvua kubwa ikinyesha na watu maelfu wamesimama ndani yake.

Mimi nilikuwa mlangoni na dele la kahawa. Hakuna aliyenifukuza nikalale.

Mmoja wa vijana alikuwa na kaseti mfukoni. Akaitoa, akaishika tu. "Fundi," akasema, "tuitie kidogo. Sauti chini kabisa."

"La," Baba akajibu. "Tungojee Idd." Hakusema kwa ukali. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na kutoka nilipokaa niliuona unavyokwenda, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, wenyewe kwa wenyewe, naye ameangalia upande mwingine.

Nyuma yangu nikasikia stuli ikiburutwa. Kisha Mama akaniita kwa sauti ya chini, "We, njoo." Nilimkuta amesimama ukumbini, kinanda kimo mikononi mwake, bado kimefungwa. Akaniwekea kifuani. Kilikuwa kizito, nikakikumbatia kwa mikono yote miwili, leso inanukia udi.

"Mpelekee babako," akasema. "Mwambie asikipige. Akishike tu."

Nikatoka nacho. Wanaume waliponiona, mazungumzo yakakatika. Nilipiga magoti, nikakiweka mkekani mbele yake, nikasema kama nilivyoagizwa, neno kwa neno. Baba aliutazama mlango muda mrefu. Mama hakuwapo mlangoni, bila shaka, alikuwa nyuma ya pazia.

Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Kulabu za mvukuto hakuzigusa. Akaweka vidole juu ya vibao, vile vidole vilivyojaa alama za sindano, akaanza.

Hapakuwa na pumzi ndani, kwa hiyo hapakutoka sauti. Kilichosikika ni mbao: kibao kinashuka, kinagonga kwa chini, kinapanda. Tk. Tk-tk. Nilikaa karibu naye kiasi cha kuona kibao kimoja cheupe kilichovunjika pembe, na jinsi kidole chake kilivyokikwepa kwa mazoea. Mwanzoni wale wanaume waligeuza nyuso, kama watu waliofungua mlango wa chumba wasichokusudia. Kisha Ami akainamisha kichwa, akasikiliza, na midomo yake ikaanza kutikisika.

"Suhani raat," akanong'ona.

Kuanzia hapo sote tulikuwa ndani yake. Mpiga tabla aligusa paja lake kwa ncha za vidole, hata kanzu haikutikisika. Mpiga fidla alifumba macho. Katika wimbo ule kuna mahali Rafi anaivuta sauti, anaishikilia, hataki kuiachia iende, na Baba alipofika hapo alikibana kibao na hakukiinua. Kinanda kisicho na upepo hakiwezi kuvuta sauti. Tuliivuta sisi. Niliwaona wazee wazima wameshikilia pumzi zao, wanangoja kidole kile kiinuke, na nilipoangalia nikakuta na mimi yangu nimeishika. Wallahi niliusikia wimbo. Niliusikia wote, na zile ala zake za nyuma, kuliko nilivyowahi kuusikia kwenye harusi yoyote.

Alipomaliza akaanza upya. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyezuia. Mwezi ulikuwa wa siku kumi na tisa hivi, wa kuchelewa; ulipochomoza ukaingia kichochoroni kwa upande, ukaangaza nusu ya mkeka, ukaangaza mikono ya Baba, ukaacha uso wake gizani. Kahawa ilipoa katika vikombe. Mara ya tatu au ya nne, sikumbuki, ngoma ya daku ikasikika upande wa Kuze, watoto wanagonga milango, wanaita watu waamke wale.

Baba akainua vidole na ubeti haujesha. Akakunja leso juu ya kinanda, akaifunga fundo mbili, kama alivyoikuta, akanikabidhi.

"Mrudishie mamako," akasema. "Mwambie nimekishika."