Virginia hadi Manteo, nikiifuata bendera ya fuvu

Wale mnaokaa DMV, yaani Washington DC, Maryland na Virginia, mnajua barabara ya I-64 ya kushuka Norfolk Ijumaa jioni ni adhabu, gari zinatambaa tu mpaka Hampton, pale barabara inapozama chini ya bahari kwenye handaki alafu inaibukia ng'ambo, nadhani foleni yote ya Virginia huwa inatunzwa pale. Nilikuwa naenda kwa shemeji yangu Virginia Beach, mume wa dada, yule ambaye kila ukimpigia simu lazima akukatishe, "subiri kidogo ndege zipite". Anakaa karibu na Oceana, kambi ya ndege za jeshi la majini. Safari hii nikapanga niende wikiendi ya maonyesho ya ndege ili nifuatilie kikosi kimoja tu, Jolly Rogers wa jeshi la majini la Marekani, wale wenye mkia mweusi na fuvu na mifupa miwili iliyokatizana, ambao hata mtu asiyejua chochote cha ndege ukimuonyesha picha anakwambia hii nishawahi kuiona mahali.

Ukitoka tu handakini unaingia Willoughby Spit, kipande cha mchanga kimejaa nyumba na boti, ukipita haraka huwezi kujua kama ndo hapa mambo yote yalipoanzia. 14 Novemba 1910 jamaa anaitwa Eugene Ely aliruka na ndege kutoka kwenye meli, USS Birmingham, ndo mara ya kwanza duniani. Walimpigilia jukwaa la mbao mbele ya meli, ndege ikatoka ikaporomoka mpaka matairi yakagusa maji, akainyanyua kwa shida akatua kwenye huu mchanga, sehemu yoyote aliyoiona kavu. Na ng'ambo yake, Old Point Comfort, ndo Agosti 1619 waliposhushwa Waafrika wa kwanza kuuzwa Virginia, watu waliochukuliwa Angola. Eneo dogo hivi lina mambo mazito aise, na watu wote kwenye foleni wanapiga honi tu.

Kesho yake tukaanza na boti ya watalii Norfolk, maana ndani ya kambi ya majini siyo pa kuingia unavyotaka. Ile meli ya kubeba ndege kwenye picha huielewi, mpaka boti yako ipite chini yake, mita 333 za chuma, na ikienda baharini inabeba watu kama 5,000. Shemeji akauliza sasa hiyo deki ndefu hivyo shida ya kutua iko wapi, nikamwambia shemeji, meli inatembea, inayumba, na sehemu yenyewe ya kutulia ni fupi mno, lazima ndege inase waya kwa ndoano ya mkiani, ukikosa unaondoka tena na injini full.

Na hapo Norfolk ndo Jolly Rogers walipozaliwa, 1 Januari 1943, kwa jina la VF-17 (VF ni kikosi cha ndege za kivita), kamanda wao Tom Blackburn. Walipewa Corsair, ndege ya kivita ya injini moja yenye mabawa yaliyokunjika, na kwa kuwa corsair ni haramia wa baharini wakachukua bendera ya maharamia, fuvu na mifupa. Shida ni kwamba Corsair za mwanzo zilikuwa balaa kwenye deki, pua ndefu rubani haoni mbele wakati anatua, oili inarukia kioo, miguu ikigonga deki ndege inadunda kama mpira. Vijana wa Blackburn wakakaa na mafundi wa kiwanda wakarekebisha hadi ikakubali, wakapanda meli ya USS Bunker Hill kwenda vitani, alafu wakafika Hawaii wakaambiwa shukeni, meli nyingine zote zina Hellcat, ndege ya aina nyingine, na spea za Corsair hamna. Hebu fikiria. Umeitengeneza wewe mwenyewe alafu unateremshwa sababu ya spea.

Ikabidi wakapigane kutoka nchi kavu, visiwa vya Solomon, kwanza Ondonga, baadae Bougainville. Ila 11 Novemba 1943 meli za Marekani zilipokwenda kuipiga Rabaul, kambi ya Wajapani, hawahawa ndo walitumwa kuzilinda kutoka angani, wakarudishiwa ndoano zao, na mafuta yalipopungua wakatua kwenye Bunker Hill yenyewe wakajaza wakaondoka. Kama kuna siku mtu anaruhusiwa kujisikia, ni hiyo. Mpaka wanamaliza mzunguko wao Machi 1944 walikuwa wameangusha ndege zaidi ya 150 za Wajapani, Ira Kepford peke yake 16, na ukihesabu siku za mapigano zenyewe tu hazifiki hata miezi mitatu.

Sasa Oceana. Mchana jua kali, watu kibao, watoto wamezibwa masikio, kiingilio bure, na zile gari zenye stika bampani zinazosema kelele za jeti ni sauti ya uhuru, shemeji kila akiiona anasema mimi uhuru wangu ni kulala. Super Hornet, jeti wanayorusha siku hizi, ikipita chini unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Kwenye Tomcat ya maonyesho, jeti ya zamani inayoitwa pia F-14, nikamkuta mzee mmoja, zamani alikuwa fundi wake, nikamwuliza nilichokuwa nataka kuuliza, hivi Jolly Rogers wa leo ndo walewale wa Blackburn?

Akacheka. "Kijana wangu, hapo umegusa penyewe."

Maana kwa karatasi siyo wao. VF-17 ilibadilishwa majina hadi ikawa VF-61, na 15 Aprili 1959 ikavunjwa, kwisha. Ila kulikuwa na kikosi kingine hapahapa Oceana, VF-84, walikuwa wanajiita Vagabonds, kamanda wao aliwahi kuwa VF-61, akaomba jina na fuvu, akakubaliwa. Hao ndo walirusha jeti za Phantom vita ya Vietnam, 1976 wakapata Tomcat, na 1980 walikuwa kwenye meli ya Nimitz wakati Marekani inajaribu kuokoa mateka wake Iran, ile operesheni iliyoishia jangwani, ndege za mizigo zimetokea Masirah kule Oman. Nimitz ilikaa baharini siku 144 mfululizo bila kugusa bandari. 1991 wakaenda vita ya Ghuba, 1 Oktoba 1995 nao wakavunjwa, bajeti. Basi VF-103, walioitwa Sluggers, wakaacha jina lao wakachukua fuvu, na ndo hawa wa sasa, VFA-103, toka 2005 wanarusha Super Hornet za viti viwili. Kama mjukuu aliyepewa jina la babu, ila huyu mjukuu hata siyo wa damu.

Nikamwuliza pia ile habari ya sanduku la kioo lenye mifupa ya rubani aliyekufa Okinawa, kwamba aliomba mwenyewe aendelee kusafiri na kikosi. Mzee akasema hiyo ni hadithi tamu, inywee bia. Mimi nimeiweka kwenye fungu hilohilo.

Jumapili nikamvuta shemeji hadi Manteo, North Carolina, kama masaa mawili, unapita Kill Devil Hills walikorukia ndugu Wright 1903, hatukusimama maana alishaanza kununa. Manteo ni kauwanja kadogo, ndege za watu binafsi, ndani ya jengo la abiria kuna makumbusho ya chumba tu. Nilipataka kwa sababu 1943 VF-17 walihamishiwa hapa kutoka Norfolk, na siyo kwa heshima, walifukuzwa kwa utundu, wanachezea vita vya uongo juu ya kambi, wanashuka chini hadi magari yanatoka barabarani. Waliletwa huku kwenye mabwawa na mbu ili wasimsumbue mtu, wao wakaona wamepewa uwanja wao peke yao wakazidi kufanya mazoezi. Nilivosoma hayo nikawapenda zaidi kuliko zile ndege 150.

Kurudi ilikuwa ubishi njia nzima. Shemeji anasema VFA-103 wanavaa medali zisizo zao, kikosi kilikufa 1959 kaburi likafungwa. Nikamwambia mbona wewe Yanga hii unayoishangilia hakuna hata mmoja aliyecheza mwaka uliozaliwa. Akasema Yanga haijawahi kuvunjwa alafu wakaitwa Coastal Union wavae jezi ya kijani na njano. Hapo kidogo nikakosa jibu, nikaongeza sauti ya redio.