Kamba yenye fundo

Mwaka 2016 wanakijiji wenzangu walinichagua kuwa katibu wa kamati ya maliasili kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Kuhusu misitu nilikuwa mtupu. Kijiji chetu kiko mkoani Lindi, na mpingo niliujua kama kila mtoto wa huku anavyoujua: mti wa miiba unaochana shati, na mchi wa mama ambao mpaka leo haujavunjika. Siku ya kwanza ya mafunzo tuliambiwa kuwa mti huohuo husafiri hadi Ulaya kuchongwa klarineti na oboe, yaani ala za muziki za kupuliza. Nikadhani tunapigwa fiksi ili tuache kuchoma mkaa.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa matamu. Sera ya Misitu ya 1998 ilikwisha fungua mlango, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ikasema wazi kuwa kijiji kinaweza kutenga msitu ndani ya ardhi yake, kikausimamia na kubaki na mapato yake. Niliposoma hapo nikaona tumeshatoka. Masharti yanayotangulia niliyapita haraka: mipaka ikubaliwe na majirani, ramani ichorwe, miti ihesabiwe, mpango wa usimamizi uandikwe, sheria ndogo zipite mkutano mkuu wa kijiji kisha baraza la madiwani. Kila hatua inadai posho, mafuta ya gari na mtaalamu. Lisingekuwepo shirika lililobeba gharama, tungebaki na hamu. Sera inaandikwa kana kwamba kila kijiji kina mhasibu, mchora ramani na mwanasheria waliokaa chini ya mwembe wakisubiri kuitwa.

Mipaka ilitula karibu mwaka. Kijiji jirani kilikuwa zamani kitongoji chetu, kikakatwa na kuwa kijiji kamili, na siku ile ya kukatwa hakuna aliyeuliza msitu uko upande gani. Wazee wa pande zote mbili walionyeshana mibuyu na vichuguu mpaka wakachoka, wakakubaliana kwenye korongo. Hayo yaliisha.

Kuhesabu ndiko kulikonibadilisha. Mtaalamu alitufundisha kupima kipenyo kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Mpingo hauruhusiwi kukatwa kama haujafika sentimita 24. Tulikuwa na futi kamba moja kwa watu tisa, na nusu ya wenzangu hawakutaka kusikia habari ya kugawanya mzingo kwa 3.14. Nikafanya jambo moja ambalo najivunia kuliko barua zote nilizoandika: nilichukua kamba ya katani, nikapiga fundo mwanzoni, nikapima sentimita 75 na nusu, nikapiga fundo la pili. Zungusha kamba kwenye mti. Mafundo yakipishana, mti bado mtoto. Yakikutana au yakibaki mbalimbali, mti umefika. Tulitengeneza kamba tisa, na kila mtu akaondoka na yake.

Fundo halikutosha, hilo nilifundishwa na mzee mmoja wa kamati aliyekuwa mvunaji tangu ujana, na sitaki kusema alikuwa akivuna na kibali cha nani. Tulisimama kwenye mpingo mnene, mafundo yako mbali kabisa, mimi tayari nimefungua daftari.

"Subiri kwanza, mjukuu wangu," akaniambia. Akageuza shoka, akagonga shina kwa kisogo chake. Pwa! Akasogea hatua tatu kwenye mti mwembamba zaidi, akagonga. Ko! "Umesikia? Ule wa kwanza ni ngoma. Moto umeshaula ndani."

Shikamoo yake nilimpa mara ya pili siku ile. Moto wa mwisho wa kiangazi, ule wa Septemba na Oktoba, hujeruhi gome, na kwenye jeraha ndipo uozo unapoingilia. Kwa nje unaona mti wa thamani, ndani pana bomba. Tangu hapo daftari langu likawa na safu mbili, ya fundo na ya mlio. Miti ya mlio wa ngoma tuliiacha isimame. Hainunuliwi, lakini inazaa mbegu vilevile, na ndege wana mahali pa kutaga. Na kila mwaka nyasi zikiwa bado na ubichi, mwezi wa Juni hivi, tukaanza kuchoma mapema vipande vipande, ili moto mkali wa baadaye ukija ukute hapana cha kula. Watu walitucheka: kamati ya kuhifadhi inatembea na viberiti!

Tulikuwa na mambo mengine machache tuliyoyashika. Hakuna kukata ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, kama sheria ya mazingira inavyotaka. Kila panapokatwa mti, pabaki mmoja mzuri wa mbegu. Mzuri kweli, si ule uliopinda ambao mnunuzi ameukataa. Hapa ndipo wanakamati walipogombana zaidi, maana kuuacha mti ulionyooka ni kama kuiacha noti barabarani.

Mauzo ya kwanza yalikaribia kutuvunja. Mnunuzi alikuja na lori, mtu mcheshi, akaketi barazani kwangu akanywa chai. Mpango wetu ulituruhusu idadi ndogo kwa mwaka, yeye akataka ya miaka miwili kwa mpigo.

"Katibu, lori nusu tupu lina faida gani kwangu na kwako? Mwakani mtapumzika."

Hoja yake ilikuwa na akili, na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikafungua daftari nikamwonyesha ile miti ya mwaka wa pili, kila mmoja na sehemu ulipo. Nikamwambia hii si yangu wala ya mwenyekiti, ni ya mkutano mkuu, naye akiitaka aje aiombe mbele ya akina mama wanaosubiri kisima. Hakuja. Alichukua alichopewa. Baadaye tulisikia lori lilijazwa mahali pengine, bila alama ya nyundo inayoonyesha kuwa gogo ni halali, na bila hati ya kusafirishia.

Jambo hilo linaniuma kuliko mengine yote. Sisi tulilipia kuhesabu, tulilipia doria, tuligongesha nyundo kila gogo. Mwizi alikuwa na gharama ya msumeno peke yake. Sokoni gogo lake na letu yanafanana, ila lake ni la bei rahisi. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi wa mbali kuwa mti umevunwa inavyopasa, na wengi wetu tuliiga kwao. Cheti kinasaidia kwa anayekijali. Anayetafuta mbao za kitanda hakiulizi.

Kisha ikaja 2019 na Tangazo la Serikali Na. 417, kanuni mpya za uvunaji wa magogo, mbao, fito, nguzo na mkaa. Lengo naliunga mkono, maana uvunaji holela ulikuwa umezidi. Lakini kamba iliyotengenezwa kumfunga mwizi ilitufunga sisi tulio na anwani. Idhini ambayo tulidhani inaishia kwetu na halmashauri ikapata vituo vingine njiani. Ofisi moja ilikaa na faili letu msimu mzima. Nikienda naambiwa bosi yuko safari, nikirudi naambiwa lilete upya, nakala tatu. Mvua zikaanza, barabara ikakatika, mwaka ukapita bila gogo hata moja. Doria ikasimama kwa kukosa pesa za posho.

Mwaka uliofuata nilibadilisha mbinu. Nilipeleka maombi mara tu mvua zilipopungua, siyo tena baada ya kumpata mnunuzi. Sikwenda na barua tupu, nilikwenda na daftari lenyewe na nakala ya ukurasa mmoja: miti mingapi imefika fundo, mingapi tumekata, mingapi tumeacha na kwa nini. Ofisa kijana akalifungua, akasoma safu ya mlio, akauliza, "Hii ngoma ni nini?" Nikamweleza habari ya kisogo cha shoka. Akacheka, akavuta faili letu akaliweka juu ya mengine. Sidhani huo ni utaratibu, lakini kibali kilitoka kabla ya kiangazi kukolea.

Ufuta sikuuweza. Ufuta hupenda shamba jipya, na shamba jipya ni msitu uliofyekwa jana. Jirani yangu aliniambia bila chuki, "Ndugu yangu, ufuta unanilipa mimi mwaka huu. Mpingo wako utamlipa mjukuu wa mjukuu." Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa, ningembishia vipi? Tulichofanya ni kupiga kura ya maeneo ya kulima na kuongeza mkondo wa pesa za msitu zinazoonekana: madawati, kisima, bima ya afya ya wazee. Bado kila mwaka kuna mtu anamega msitu pembeni.

Nilikabidhi daftari mwaka 2023. Katibu mpya ni binti wa shule ya jirani, anahesabu kwa simu. Kabla ya kutia saini alitaka tukaone mti mmoja, ule wa kwanza kabisa kwenye orodha, ambao mwaka 2017 niliuandika "bado vidole vinne". Tulipiga magoti kwenye nyasi, akazungusha kamba yangu ya zamani, akavuta mpaka katani ikalia.

Vilibaki vidole viwili. Akaandika.