Mwalimu wa Mizani

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika Suratur-Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, mizani imetajwa mara tatu: Mola ameiweka, akakataza isipindukwe, kisha akakataza isipunjwe. Muuza nazi sokoni ana mizani yake, na mtunga shairi ana yake. Juma hili tumkumbuke mzee wa Lamu aliyeishi kwa mizani ya kila namna: Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mnakili wa khati, mchonga milango na mpiga kibangala, ala ya nyuzi. Alikuwa pia mwalimu, na kina Alice Werner na William Hichens, watafiti wa Kiswahili kutoka Uingereza, walipata kwake tenzi za Waswahili. Utenzi wa Fumo Liyongo alimwandikia Werner mwaka 1913.

Tuanze na kalamu, maana Mola ameiapia. Utete mkavu wa unene wa kidole cha mwisho, urefu shubiri moja, huchongwa mshazari, ukakwanguliwa nyama laini ya ndani hadi ulimi uwe mwembamba. Kisha ulimi hupasuliwa katikati, kama urefu wa ukucha. Mpasuo ukienda upande, mguu mmoja wa kalamu hulegea na mstari hutoka miwili. Usipopasua kabisa, wino huanguka tone zima. Ncha hukatwa juu ya mfupa, kwa kuwa ukiikata juu ya mbao laini huchanika nyuzi. Upana wa ncha ndio nukta, na kwa nukta hizo hupimwa herufi zote. Katika naskhi, mtindo mmoja wa khati, alifu ni nukta tano hivi. Anayekadiria kwa jicho, alifu yake ya mwisho wa ukurasa haifanani na ya mwanzo.

Wino ni masizi ya taa, gundi ya mgunga na maji. Gundi ikizidi, wino hung'aa, hauteremki, na ukikauka hupasuka. Ikipungua, kidole kikipita herufi zafutika. Ndani ya kidau cha wino hutiwa nyuzi za hariri ili kalamu isinywe kupita kiasi.

Kwenye mbao ni adabu ileile. Gogo bichi likichongwa mlango, hupasuka likikauka. Mchonga mzuri hukata kwanza ukingo wa ua kwa patasi iliyosimama wima, ndipo aondoe mbao ya pembeni. Akitanguliza kuondoa, kipande cha petali hufuata patasi, na mfaa mzima, ule mti wa katikati ya mlango, umeharibika.

Utenzi nao: vipande vinne kila ubeti, mizani (yaani silabi) nane kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina kisichobadilika hadi mwisho wa utenzi. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa sababu huhesabu kwa macho. "Mwana" ni mizani mbili, na "mtu" pia ni mbili, maana ile m imejisimamia. Kipande kikiwa na tisa, mghani hujikwaa, kwa kuwa sauti ina nafasi nane tu. (Kuhusu kibangala na ngoma, wanazuoni wamesema mengi, na si hapa pa kuyamaliza.)

Ila liko jambo ambalo karatasi pekee haikulibeba. Herufi za Kiarabu hazina p, kwa hiyo wanakili wa zamani waliandika be, na "pata" na "bata" zikafanana. Msomaji asiyeisikia beti kinywani mwa mwalimu huweza kuisoma vingine kabisa, hata kama khati ni safi. Miswada ya mzee huyu ingalipo London, lakini kuighani kunataka aliyefundishwa na aliyefundishwa.

Hadithi aliyoipokea Muslim yasema mtu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu, mojawapo elimu yenye kunufaisha. Kwa hiyo baada ya Isha, mwenye utenzi wa bibi yake sandukuni autoe, aketi na mzee mmoja na kijana mmoja, ausome kwa sauti. Wahesabu mizani kwa vidole. Palipo na nane kamili pasiguswe. Palipo na tisa waulize kwanza, huenda ni wao wanaosoma vibaya.

Mola amrehemu mwalimu wetu na walimu wote wa Amu. Al-Fatiha.