Usililaumu tanuri

Mambo ni yale yale kila muhula katika karakana ya ufinyanzi. Tanuri linafunguliwa, chungu cha mtu kimegeuka vigae, na lawama zinaliangukia tanuri. Mara nyingi halina kosa. Chombo kiliharibikia mezani, au kwenye rafu ya kukaushia.

Wengi huamini kwamba kiputo cha hewa ndicho hulipua chombo. Sivyo. Udongo una vinyweleo, hewa hupenya. Kinacholipua ni maji: joto likipita nyuzi 100 huku udongo mnene ungali na unyevu ndani, maji hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Basi kuta ziwe na unene wa milimita 6 hadi 10, na sanamu nene ikombwe ndani. Kabla ya kupanga vyombo, gusisha kitako shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji, kirudishe rafuni. Tanuri nalo lishikiliwe nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa, na kwa kazi nene usiku kucha.

Nyufa ni habari nyingine. Udongo ukikauka hunywea kama asilimia 5 hadi 8, na ubaya hauko katika kunywea, uko katika kutonywea kwa pamoja. Ukingo hukauka kwanza, kitako kinabaki nyuma, ufa unaingia. Funika kwa plastiki, uilegeze kidogo kidogo, na ukingo ukishakuwa mgumu kiasi, pindua chombo ili kitako nacho kipate hewa. Mkono wa kikombe uunge wakati unyevu wa vyote viwili unalingana: chanja pande zote mbili, paka rojo ya udongo ule ule, bana mpaka rojo itokeze pembeni.

Ufa wa umbo la S kwenye kitako huwapata wanaotumia gurudumu: kitako hakikukandamizwa, au maji yaliachwa yatuame. Kuuziba kwa rojo ni kujidanganya, tanuri litaufungua tena.

Mchomo wa kwanza, wa nyuzi 1,000 hivi, upite polepole kwenye 573, ambapo chembe za kwatzi, madini yaliyomo udongoni, hutanuka ghafla. Joto likishuka hapo hapo, hunywea ghafla vilevile, kwa hiyo usichungulie mlangoni mapema.

Ukishapaka gleizi, ule mpako unaoyeyuka tanurini na kuwa kama kioo, futa kitako na milimita 3 hadi 5 juu yake. Ukisahau, chombo kitaganda kwenye kibao cha tanuri, na kibao ni cha darasa zima.