Kupunguza kasi ya mwanga kwenye utando wa silikoni: usikimbilie namba kubwa

Mwaka 1999 kundi la Lene Hau, Marekani, lilishusha kasi ya mwanga hadi mita 17 kwa sekunde ndani ya wingu la sodiamu lenye baridi kali mno. Kwenye chipu baridi hiyo haihitajiki. Utando wa silikoni wenye unene wa nanomita 220, uliotobolewa matundu kwa mpangilio wa pembetatu, unafanya kazi katika joto la chumba, na mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya IBM walionyesha upungufu wa kasi wa zaidi ya mara 300 ukilinganisha na kasi ya mwanga katika ombwe.

Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, weka nanomita 410 hadi 420 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake, na nusukipenyo cha takriban 120. Safu moja iache bila kutoboa: hapo ndipo mwanga unapita. Ukikaribia ukingo wa bendi, yaani mpaka wa urefu wa mawimbi yanayoweza kupita kwenye njia hiyo, matundu yanarudisha nyuma mwanga unaokaribia kulingana na ule unaosonga mbele, ndiyo maana mpigo (mwanga uliotumwa kwa muda mfupi sana) unajivuta.

Tatizo ni kwamba pale ukingoni kila urefu wa wimbi unakuwa na kasi yake, na mpigo unatawanyika. Dawa ni kusogeza kidogo safu mbili za matundu zilizo karibu na njia, kila upande, hadi kasi ilingane kwenye kipande kizima cha bendi. Kundi la Thomas Krauss, likiwa St Andrews, Uskoti, lilipata upungufu wa mara 32.5 kwa upana wa bendi wa nanomita 14, na mara 49 kwa nanomita 9.5. Zidisha upungufu kwa upana uone: majibu yanakaribiana sana. Ukitaka polepole zaidi, unalipa kwa upana. Tena mwanga unaorudishwa na mikwaruzo ya kuta za matundu hukua kwa mraba wa upungufu: ukiongeza upungufu mara mbili, hasara hiyo inakuwa mara nne. Kwa kazi nyingi mimi ningesimama kati ya 30 na 50.

Chora matundu kwa mwale wa elektroni, chonga kwa plazma, kisha ondoa tabaka la oksidi ya silikoni lililo chini ya utando kwa asidi ya hidrofloriki, inayopenya kupitia matundu yaleyale. Asidi hii hupenya ngozi hadi mfupani. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka asidi hiyo ikigusa ngozi, iwe mezani kabla hujafungua chupa. Baada ya kusuuza kwa maji, hamia kwenye isopropanoli kabla ya kukausha. Maji yakikauka chini ya utando huuvuta hadi ukaganda chini.

Pale mwanga unapoingia kwenye sehemu ya polepole, weka kama safu 10 zenye nafasi iliyonyooshwa kidogo. Bila hivyo sehemu kubwa inarudi mlangoni.

Kupima, pitisha leza na usome mawimbi ya kupanda na kushuka yanayotokana na mwanga kugonga ncha mbili za njia. Kwa njia ya mikromita 100, upungufu wa mara 4 unatoa nafasi ya nanomita 3 kati ya vilele. Mara 50 unatoa 0.24 tu, kwa hiyo badilisha urefu wa wimbi wa leza kwa hatua za nanomita 0.01. Vilele vikivurugika mapema, kabla ya ukingo, chunguza kwanza kuta za matundu kwa hadubini ya elektroni. Vikiwa safi ila vimehama, huenda kipenyo cha matundu ndicho kimekosewa, hata kwa nanomita chache tu.